Kaluvu Namba Mia na Kumi na Mbili

Jumatatu ya kwanza ya Septemba, mwaka wa 1995, Ndila aliingia katika chumba cha upigaji chapa cha chuo cha ufundi, akafungua madirisha mawili, akapangusa vumbi kwenye taipureta kumi na moja, kisha akawasha kompyuta iliyokuwa pembeni. Ilianza kukwaruza tena. Sauti ilitoka ndani kabisa, kama ukucha juu ya sufuria, ikanyamaza, ikarudi. Alingoja dakika saba kabla skrini haijaleta herufi. Ilipozileta alifungua programu ya pombe, akakuta kwamba mama yake, aliyezikwa miaka minne iliyopita, alikuwa ametengeneza pombe moja tangu Ijumaa: lita tatu, asali ya Tseikuru, siku nne badala ya tatu kwa sababu ya baridi.

Kwenye nafasi ya maelezo mama alikuwa ameongeza: "hii mashine iko na kikohozi. nitoe."

Ndila alisoma, akaandika tarehe kwenye daftari lake, akaenda kuwafungulia wanafunzi.

Programu yenyewe haikuwa ya chuo. Ililetwa na mhandisi mmoja Mholanzi aliyekuja kuchimba visima upande wa Kathonzweni. Huyo mhandisi alipenda kujipikia bia yake ya shayiri katika stoo ya mabomba, na alikuwa na programu ya kumkumbusha alivyoipika: jina la pombe, lita, vitu vilivyotiwa, siku za kuchachuka, watu walioonja na walivyosema. Ndila alikuwa karani wake. Mradi ulipofungwa mwaka wa 1989, yule bwana alimwachia kompyuta na kumwonyesha kila kitu, kisha akaenda zake. Chuo kilipomwajiri Ndila kufundisha kupiga chapa, alikuja na kompyuta yake kama vile mwalimu mwingine anavyokuja na baiskeli.

Ndila hakunywa bia ya shayiri wala hakujua kuipika. Lakini mama yake, Kaluki wa Nzomo, alipika kaluvu, pombe ya asali. Nyumba yake ilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka soko la Mukuyuni, na watu walikuja kwake kutoka mbali walipokuwa na ntheo, siku ile upande wa mvulana unapopeleka mbuzi na pombe kwa kina msichana. Alipima asali kwa jicho, akapima joto la kibuyu kwa kukiweka shavuni. Miatine, yale matunda marefu ya kukaushwa yanayofanya pombe ichachuke, aliyachagua kwa kuyagonga na kusikiliza. Ndila alianza kwenda kwake kila Jumamosi na jagi la lita na kalamu.

"Unapima nini?" mama alimuuliza mara ya kwanza.

"Napima vile unafanya, Mwaitu."

"Sasa nikifanya tofauti kesho, karatasi itasema mimi ni mwongo?"

Alicheka, lakini alizoea, na baada ya mwaka mmoja yeye ndiye aliyekuwa anauliza. Ile ya namba arobaini ilikaa siku ngapi? Ile ya harusi ya Wariara kule barabara ya Mombasa, nilitia miatine ngapi? Ndila alikuwa na jibu. Kufikia mwaka wa 1991 walikuwa na pombe mia moja na kumi na moja. Mwezi wa Februari mwaka huo, Ndila alitoa orodha nzima kwa printa, na juu ya ukurasa wa kwanza akaandika jina la mama yake kwa herufi kubwa. Mama hakujua kusoma. Aliubandika ukurasa huo ukutani kwa uji wa unga, karibu na mlango, na kila mgeni alionyeshwa.

Mwezi wa Juni askari walikuja. Pombe ya kienyeji ilikuwa imepigwa marufuku, na kila msimu walipita. Ndila alikuwa kazini. Alipofika jioni aliukuta ukuta ukiwa na mraba mmoja msafi pale karatasi ilipokuwa. Mama yake alikaa seli siku mbili, na siku ya tatu akatolewa akiwa amefunikwa blanketi. Walisema ni moyo. Kortini ilisomwa kwamba lita arobaini zilikamatwa na kumwagwa chooni mbele ya mashahidi, na kwamba ushahidi mwingine ulikuwa karatasi iliyopigwa chapa yenye jina la marehemu.

Siku ya mazishi, ndugu yake Mutie alimwendea Ndila akiwa bado na sepetu mkononi.

"Ni karatasi yako," alisema. "Bila karatasi wangesema ni uji, mambo yangeisha."

Alilisema tena kwenye ibada ya ukumbusho, na Krismasi, na siku walipogawana mbuzi wa mama. Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayekumbusha njia ya kwenda mahali. Ndila hakubisha kwa sababu ndivyo yeye mwenyewe alivyofikiri. Tangu siku hiyo hakutoa karatasi yoyote kwa printa. Aliwafundisha wasichana jinsi ya kupanga ukurasa, jinsi ya kutia karatasi na kunyoosha kona zake, halafu akarudi nyuma hatua moja na kuwaambia wabonyeze wao.

Mwaka ule ule, kabla haujaisha, Mutie aliajiriwa kuwa chifu msaidizi wa kata yao.

Wiki sita baada ya mazishi, pombe namba mia na kumi na mbili ilionekana kwenye orodha. Ilionyesha tarehe na lita, basi. Kila Ndila alipojaribu kuifungua, kompyuta ilikwaruza na kuandika kwamba sehemu hiyo haisomeki. Lakini namba mia na kumi na tatu ilifunguka vizuri. Ilikuwa ya lita moja. Maelezo yalisema maji ya huko si mabaya. Mama, ambaye hakuwahi kushika kalamu, aliandika bila herufi kubwa na kuendeleza maneno kama alivyoyasema. Ndila aliisoma mara tatu, akapika chai, akasahihisha barua za wanafunzi. Pombe zilizofuata zilikuja moja moja, kila baada ya miezi miwili au mitatu. Wasichana wa chuo walizoea. Aliyetumia kompyuta wa kwanza asubuhi alimsalimu mama kabla ya kugusa kibodi.

Sasa kompyuta ilikuwa inakufa. Kanisa lilikuwa limekiletea chuo nyingine mpya, ya rangi ya maziwa, nayo ilikaa mezani ikiwa bado na nailoni. Shida ilikuwa mdomo. Kompyuta ya Mholanzi ilikula disketi kubwa, zile laini zinazopinda kama chapati. Ile mpya ilikula ndogo na ngumu. Ndila aliuliza Wote, akauliza Machakos, mwisho akaambiwa kwamba yuko mtu Kitui mjini, Hemedi Abubakar, mwenye kompyuta ya midomo miwili.

Alianza kuzitoa pombe siku ya Jumanne. Programu ilikuwa na njia mbili, kunakili na kuhamisha. Zile mia moja na kumi na moja alizoziandika yeye zilinakilika bila neno. Zile za mama hazikukubali. Alipozinakili, disketi ilitoka tupu. Alijaribu tena, ikatoka tupu. Akaelewa kwamba mama hawezi kuwa mahali pawili, akachagua kuhamisha. Kila namba ilipoingia kwenye disketi ilifutika upande wa kompyuta. Saa kumi jioni alikuwa na disketi tano ndani ya sanduku la viatu, na kompyuta ilikuwa haikwaruzi tena. Ilikuwa imezimika na haikuwaka.

Sanduku lilikuwa na joto. Alilifunga kwa leso, kama mama alivyofunga kibuyu ili pombe isipigwe na upepo.

Siku ya Jumatano alizunguka kupitia Machakos, akafika Kitui kabla ya adhuhuri. Duka la Hemedi lilikuwa nyuma ya msikiti, chumba kimoja chenye meza tatu. Hemedi alikuwa mtu mwembamba wa miaka hamsini hivi, babu yake alikuja kutoka pwani na msafara wa nguo, na yeye mwenyewe alizungumza Kikamba kama mtu wa Mutomo. Mke wake, Sauda, alikuwa kwenye meza ya mlangoni akimpigia mtu barua ya kuomba kazi. Nyuki walikuwa wameshamtangulia Ndila, kana kwamba walisikia harufu ya asali. Walitua kwenye kibao cha duka wakatulia, na Sauda akawaambia wateja wapitie mlango wa pembeni.

"Ni kazi gani hii, dada?" Hemedi aliuliza.

"Ni pombe ya mama yangu. Inatoka kwa disketi kubwa kwenda kwa ndogo."

Hemedi alirudisha mkono. "Pombe mimi sishiki. Hata ya karatasi. Juzi nimekataa kupigia watu wa baa kadi ya mwaliko."

Sauda hakuinua macho kutoka kwenye kibodi. "Mama yake ako wapi?"

"Alikufa," Ndila alisema. "Ni yeye anaandika."

"Tangu lini?"

"Miaka nne."

"Na anaandika pombe peke yake?"

"Ndiyo kazi alijua."

Sauda alimaliza sentensi aliyokuwa akiipiga, akaweka nukta. "Hemedi, hii si pombe. Ni mama ya mtu amekaa ndani ya sanduku ya viatu tangu jana. Mtoe."

Adhana ililia. Hemedi alienda kuswali, akarudi na mikono yenye maji, akaipangusa kwa makini kidole kwa kidole, akaifungua leso mwenyewe. Aliingiza disketi ya kwanza katika mdomo mkubwa na disketi tupu katika mdomo mdogo. Namba zilipita kwenye skrini moja moja, polepole, kama watu wanaovuka mto wakishikana mikono. Ndila alikaa kwenye benchi. Kila disketi ilipotolewa ilikuwa imepoa.

Kwenye disketi ya nne Hemedi alisimamisha kazi. Alisoma kitu, akaigeuza skrini kidogo upande wake.

"Dada, iko moja hapa, mia na kumi na mbili. Mashine yako ilikuwa inairuka?"

"Ilikuwa haisomi."

"Yangu inasoma. Unataka kujua, ama tuiache ipite tu?"

Ndila alijua kilichokuwa ndani. Kwa miaka minne alikuwa amekijua. Ndani ya namba hiyo mama yake alikuwa amemwandikia juu ya karatasi. Usiku mwingi alikuwa ameyapanga maneno hayo mwenyewe, na kila alipoyapanga yalikuwa mafupi na ya upole, jambo lililoyafanya yawe mabaya zaidi. Alishika ukingo wa benchi.

"Soma wewe," alisema.

Hemedi alisoma kwa sauti ya mtu aliyezoea kuwasomea watu barua zao, bila kupandisha wala kushusha.

"Lita arobaini. Asali ya Tseikuru, miatine mzee tupu. Hii haikumwagwa. Walioonja: kopolo wa polisi, askari wawili, karani wa korti, na Mutie. Maelezo. Mutie ndiye alitangulia, akawaonyesha nyuma ya ghala, juu ya kuahidiwa kazi. Karatasi ya Ndila hakuna mtu aliangalia. Walipangusia mikono kwa sababu ilikuwa na asali, baadaye wakaona iko na jina yangu, wakaiweka kwa faili. Nikiwa seli niliwasikia wakikunywa. Walisema ni tamu. Ilikuwa bado siku moja iive."

Hapo iliisha. Sauda aliacha kupiga chapa, akaenda nyuma ya pazia, akarudi na maji katika kikombe cha bati.

"Mutie ni nani?"

"Ndugu yangu."

"Mkubwa ama mdogo?"

"Mdogo. Nilimbeba kwa mgongo mpaka akakataa kubebwa."

Ndila alikunywa maji yote. Kwanza alisikia wepesi, mwili mzima, kama mtu aliyetua kuni. Halafu wepesi ule ukapita na kilichokuja nyuma yake kikawa kizito kuliko karatasi. Alilia kidogo bila kelele, huku Hemedi akiangalia upande wa kabati. Alipomaliza aliomba namba hiyo itolewe kwenye karatasi. Hemedi alitia karatasi na kunyoosha kona zake. Ndila aliinuka akabonyeza mwenyewe.

Disketi ya tano ilipokwisha, nyuki waliondoka kwenye kibao wakaelekea upande wa mto. Hemedi alimfungia zile ndogo ndani ya leso ile ile.

"Mwambie mama yako pole," alisema. "Mimi sijaonja, lakini nimeona alikuwa mtu wa kazi."

Alhamisi asubuhi, Ndila alikwenda ofisini kwa Mutie. Ilikuwa siku ya kesi. Wanawake saba walikuwa wameketi chini nje ya mlango, na mbele ya kila mmoja kulikuwa na kibuyu au mtungi uliokamatwa alfajiri. Mutie alikuwa ndani, amevaa kaki iliyopigwa pasi, kofia yake ikiwa juu ya meza. Alipokea karatasi kwa mikono miwili. Aliisoma, akairudia kutoka juu.

"Ni yeye," alisema. "Hakuna mtu mwingine anahesabu siku hivi."

"Ni kweli?"

"Ni kweli. Karani wa korti hakumaliza yake, alikuwa na vidonda vya tumbo. Lakini hiyo ni kitu kidogo."

"Uliniambia ni karatasi yangu, Mutie."

"Ilikuwa lazima iwe kitu."

Nje mtoto alilia, mama yake akambembeleza. Ndila alimtazama ndugu yake. Alikuwa ameanza kupata mvi juu ya masikio, pale pale baba yao alipoanzia.

"Miaka nne," alisema.

"Hata mimi ni miaka nne nimekaa na hiyo."

"Umekaa kwa hiki kiti."

Mutie alikiangalia kiti, mkono wa kulia kisha wa kushoto, akakubali kwa kichwa. Sikudhani atafia huko, alisema. Waliniambia ni siku moja tu, alale, aachiliwe. Kisha alivuta kidau cha wino, akapiga karatasi muhuri wa kupokelewa, akaandika tarehe na kuiweka katika faili ya malalamiko, kati ya kesi ya mpaka wa shamba na kesi ya mbuzi aliyekula mahindi.

"Nikuandikie barua ya kuonyesha nimepokea?"

"Hapana."

Ndila alikuwa amefika mlangoni Mutie alipomwita. "Ndila. Kuna kitu kingine ameandika juu yangu? Hizo zingine?"

"Hakuna."

"Hata salamu?"

"Hata salamu."

Mutie aliifunga faili. Halafu akavaa kofia na kumwambia askari alete wa kwanza. Ndila alipita kati ya wale wanawake. Mmoja wao, msichana tu, alikuwa amekiegemeza kibuyu chake shavuni, na Ndila alisimama akamwambia kwamba hiyo bado siku moja. Msichana akasema anajua.

Wiki iliyofuata Ndila alipeleka nakala katika ofisi yenye mamlaka juu ya ile ya Mutie. Mpokeaji aliisoma akasema ni malalamiko yaliyopigwa chapa vizuri sana. Lakini marehemu hakuwa ameweka kidole gumba mbele ya shahidi, na kama bado anaandika, ingekuwa bora aje mwenyewe, siku yoyote ya kazi kabla ya saa sita. Ndila alisema mama hatembei. Yule mtu alisema basi hapo pana ugumu. Mwezi wa Novemba Mutie alipandishwa cheo akawa chifu kamili, na wazee walimchinjia mbuzi. Palikuwa na kaluvu, na hakuna aliyeikamata.

Mama aliizoea kompyuta mpya. Haikukwaruza. Pombe namba mia na ishirini na tisa ilikuwa ya lita tano, kubwa kuliko zote tangu alipokufa, na maelezo yalisema hapa kuna nafasi, lakini mwanga ni mwingi.

Ndila hakuwahi kumwandikia. Nafasi ya maelezo ilikuwa ya mpishi, naye siku zote aliiheshimu. Lakini siku moja ya Desemba, wasichana walipokuwa wameondoka, alifungua namba hiyo akaandika chini ya maneno ya mama yake: "Mwaitu, niliisoma ile ya mia na kumi na mbili. Nilimpelekea Mutie. Alisema ni kweli. Alipiga muhuri akaiweka kwa faili. Nilienda mbele na hakuna kitu kitafanywa. Nilikuwa nafikiri ni mimi."

Alihifadhi, akazima, akafunga madirisha.

Asubuhi jibu lilikuwepo.

"si wewe," mama alikuwa ameandika. "nilidhani unajua." Na mstari mmoja chini yake: "mutie alikuwa amekula?"

Ndila alikaa mbele ya skrini. Hakujua kama Mutie alikuwa amekula. Hakuwa ameuliza, na siku ile hakuwa ametaka kujua. Nje wasichana walikuwa wameanza kufika, aliwasikia wakipangusa viatu kwenye zege. Aliweka vidole juu ya kibodi, akaviondoa, akaviweka tena.

"Alikuwa amekula, Mwaitu," aliandika.

Akahifadhi, akaenda kufungua mlango.